Saruji Hainywi Maji

La, mjukuu wangu, sikuuvunja uwanja kwa hasira. Nani kakwambia? Fundi baiskeli? Yule hata upepo ukivuma atasema kaupuliza yeye. Kaa nikueleze. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuyaona.

Uwanja huu niliumwaga saruji mimi mwenyewe. Mtaa mzima unaniita Mzee Saruji, si bure. Toka mlango huu mpaka getini, ukuta kwa ukuta, huoni chembe ya udongo. Nikaweka pimamaji, kile kipimo cha usawa, kila hatua, uwanja ukakaa sawa kama meza. Watu wakachungulia: "Mzee, na sisi lini?" Nikawamwagia na wao. Siku hizo uwanja wa udongo ulikuwa aibu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba mpaka ardhi ikakosa pumzi.

Halafu mvua ikabadilika. Zamani ilikuwa inapiga hodi. Wingu kwanza, manyunyu, ndiyo yenyewe. Siku hizi inaingia bila hodi. Na kweli iliingia! Mlangoni, sebuleni, mpaka chini ya cherehani ya bibi yako. Mkeka wetu wa kulia chakula ukaloa. Ukakauka, ukaloa tena. Mara ya tatu ukaota ukungu, bibi akautupa. Tukawa tunakula kila mtu na sahani yake. Mama yako kitandani, bibi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mimi nimesimama mlangoni kama mlinzi.

Siku moja bibi yako akaniambia, "Baba watoto, nimenunua mkeka mpya."

"Vizuri. Tandika."

"Sitandiki. Uko juu ya kabati. Maji yakiingia tena, hata mara moja, naukunja naenda nao kwa dada yangu. Na cherehani nabeba."

"Na mimi?"

"Wewe una uwanja mzuri. Kaa nao."

Bibi yako akitania hushika kiuno, miaka yote. Siku hiyo hakushika.

Kesho yake nikaona tangazo kwenye ukuta wa shule. Nilisoma madarasa mawili tu, kwa hiyo nasoma kama kinyonga anavyotembea. "Ma-ba-di-li-ko ya ta-bi-a-nchi. Wote mnakaribishwa." Nikafurahi! Hatimaye, nikasema. Tabia zimeharibika sana. Vijana hawaamkii. Ukimwazima mtu mwiko, harudishi. Nikavaa kofia yangu nzuri, nikaenda na maneno tayari mdomoni.

Nikakalishwa kwenye dawati la watoto, magoti yakagusa kidevu. Mbele kasimama yule mwalimu wa watu wazima, mpangaji wa jirani yetu, binti mdogo tu. Akauliza nani ataanza. Nikasimama.

"Mwalimu, ni kweli tabia zimebadilika. Jana kijana kanipita hivi, hata shikamoo hana!"

Darasa likavunjika mbavu. Fundi baiskeli akagonga dawati. "Mzee Saruji, huyo hakuwa kijana, labda alikuwa wingu!"

Mwalimu naye alicheka, ila aliuficha uso ubaoni. Kisha akageuka. "Babu, hujakosea sana. Mtu akinuna leo, hiyo ni nini?"

"Hali yake ya leo. Labda jino linamuuma."

"Na akinuna miaka thelathini?"

"Aa, hiyo sasa ni tabia."

"Basi, umeshaelewa. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Mazoea ya mvua na jua kwa miaka mingi, hiyo ndiyo tabianchi. Na mazoea hayo yanabadilika."

"Nani kayaudhi?"

"Sisi watu. Tunachoma mafuta na makaa ya mawe kwenye magari na viwanda. Tunachoma misitu. Hewa inayotoka huko inapanda, inaifunika dunia kama blanketi, joto linazidi. Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi. Ikija kuumwaga, inaumwaga wote kwa mpigo."

Nikashusha pumzi. "Kwa hiyo maji kuingia kwangu si kosa langu." Nikaanza kukaa.

"Mvua kubwa hujaileta peke yako, babu. Lakini ikishaanguka uwanjani kwako, inakwenda wapi?"

Nikabaki nusu nimekaa, nusu nimesimama. Uwanja ni wangu, nimeumwaga kwa mikono hii, na sijui maji yake yanakwenda wapi! Swali likanikwama kama punje kwenye jino.

"Usiniamini mimi," mwalimu akasema. "Chukua ndoo mbili za maji, uyaulize yenyewe."

Asubuhi nikamwaga ndoo ya kwanza uwanjani. Maji yakatanda huku na huku, yakakosa pa kwenda, yakaja polepole mpaka kizingitini. Ndoo ya pili nikaimwaga kwa mwalimu, kwenye uwanja wa udongo na nyasi, ule tuliokuwa tunaucheka. Nikahesabu. Kabla sijafika hamsini, ardhi ilishayanywa yote! Nikarudia. Nikamwaga kwenye udongo mtupu uliokanyagwa, ukanywa polepole. Penye nyasi, haraka. Nikanogewa, nikazunguka na ndoo kama mtoto.

Fundi baiskeli akachungulia juu ya ukuta. "Mzee, unamwagilia saruji? Ikiota nigawie mbegu!"

Bibi yako akatoka na pini mdomoni. "Unafanya nini?"

"Nayauliza maji."

"Yanasemaje?"

"Yanasema mumeo mjinga."

"Hilo ungeniuliza mimi," akasema, akarudi ndani. Lakini nilimwona, mkono ulikuwa kiunoni.

Mjukuu wangu, pimamaji nimelibeba miaka arobaini. Maji yenyewe sikuwahi kuyapima.

Nikachukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza liliniuma mimi kuliko saruji. Mwalimu akaja na kitabu chake, tukapanga pamoja. Hatukuvunja wote. Tulifungua ule ukanda mrefu unaouona kando ya ukuta wa nje, tukapanda nyasi. Mwisho wake tukachimba shimo, tukalijaza mawe, maji yatulie humo yazame taratibu. "Lisiwe karibu na msingi wa nyumba," mwalimu akasema, "wala karibu na choo." Hapa mlangoni nikamwaga saruji upya, safari hii imeinama kuelekea kwenye nyasi. Chini ya bati nikafunga mfereji unaoingia kwenye pipa. Pipa lina mfuniko, mbu wasije wakafanya harusi humo. Na ule mti mdogo pale aliupanda mama yako. Ukikua utatupa kivuli, maana saruji ikipata jua ni kikaango.

Tukangoja. Siku kumi na moja.

Ikaja mchana, bila hodi kama kawaida yake. Bati likapiga kelele mpaka tukawa hatusikiani. Nikasimama mlangoni. Mama yako kashika fagio. Bibi yako kaweka kiti kando ya kabati, macho juu ya mkeka.

Maji yakajaa uwanjani. Yakazunguka. Yakaja kuchungulia mlango, halafu yakageuka, yakashuka kwenye nyasi. Tukayasikia yakiingia kwenye mawe, glo, glo, glo, kama ng'ombe aliyetoka safari.

Kizingiti kikavu. Nikakigusa kwa kidole. Kikavu!

Mara fundi baiskeli akaingia mbio, kaloa chapachapa. "Mzee, kwangu maji yako magotini! Kwako vipi pakavu?"

"Uwanja wako niliufunga mimi," nikamwambia. "Kesho nakuja na nyundo, nitaufungua."

"Na mbegu za saruji?"

"Nyamaza, kaa."

Bibi yako alikuwa keshapanda kwenye kiti. Akautoa mkeka, akaubana chini ya kwapa. Nikajua ndiyo anaondoka. Akashuka, akautazama mlango, akaitazama sakafu, akainama akaipapasa kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akaukunjua mkeka pale katikati.

"Sogezeni miguu. Na wewe fundi, jifute kwanza, usiniletee mafuriko mengine."

Mama yako akaleta chakula, sinia moja. Tukakaa sote, tumeizunguka. Mimi shingo bado imegeukia mlangoni.

"Baba watoto," bibi yako akasema, "mvua imeshapata pa kwenda. Kula."