Mjomba Alinidhamini, Akanifunga Upya

Nina miaka sabini na minne, naishi hapa Kasongo, na nina wajukuu kumi na mmoja. Ukiniona natoka msikitini siku ya Ijumaa utadhani ni mzee aliyetulia. Ndugu zangu wasomaji, sijatulia... Kuna jambo nimelibeba tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, Wabelgiji wakiwa bado wanatutawala, na leo nalitua mbele yenu.

Nianze na kosa langu, maana nilikuwa nalo. Kwetu ni Kabambare. Siku zile kila mwanamume alipimiwa shamba la pamba, apende asipende, na kapita, msimamizi aliyewekwa na Wabelgiji, alikuja kulikagua. Kapita wetu alikuta nimepanda mpunga mahali pa pamba. Akaanza kuung'oa, na huku anang'oa anamtukana mama yangu. Nilimpiga kwa mpini wa jembe, mkono wake ukavunjika.

Nikahukumiwa miaka miwili, nikapelekwa jela ya Kasongo. Nilimwacha mke wangu Zaina na mimba ya miezi saba. Binti yetu Mariamu alizaliwa baba yake akivunja mawe ya barabara!

Mwaka ulipopita niliambiwa nitatolewa kwa masharti. Naomba nieleze taratibu, kwa sababu wengi hawaujui mpango huu. Mfungwa mwenye mwenendo mzuri aliweza kutoka kabla ya wakati, akamalizia kifungo chake nje. Alitakiwa awe na mtu mzima wa kumdhamini, nyumba inayojulikana, na kazi. Kila Jumatatu alijionyesha ofisi ya serikali. Sharti langu kubwa lilikuwa nisirudi Kabambare kabla muda haujaisha, kwa kuwa yule kapita alikuwa huko. Ukivunja sharti, unarudi ndani. Ni mpango mzuri, na mpaka leo nasema ni mzuri. Lakini ubaya wa binadamu huingia hata penye huruma...

Siku ya kutoka, karani wa jela aliniuliza kama najua kusoma. Nikajibu ndiyo. Na sikusema uongo! Nilihitimu chuo cha Kurani, na niliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika babu zangu. Lakini karatasi aliyonipa ilikuwa ya Kifaransa, kwa herufi za Wazungu. Hizo sikuzijua hata moja. Wazee wetu hawakutupeleka shule za misheni, waliogopa tutabatizwa.

Ningesema tu, "Hizi sizijui." Je, lilikuwa neno zito? Kwangu lilikuwa zito kuliko mawe ya barabara. Mimi msomi wa mtaa wetu, nikiri ujinga mbele ya kijana asiye na ndevu! Karani akaandika katika daftari kwamba najua kusoma, kwa hiyo hakunisomea. Nikaikunja karatasi, nikatoka.

Nje alinisubiri mjomba Rajabu, kaka wa mama yangu, aliyenidhamini. Yeye aliwahi kumpikia Mzungu miaka mingi, akajifunza herufi zao. Akaniomba karatasi, akaisoma tukiwa njiani.

"Miaka mitatu, mtoto wa dada," akasema. "Ukitolewa mapema, muda wanauongeza. Usivuke mto Luama kwenda kwenu. Ukivuka, weye unarudi ndani, na miye naingia pamoja na weye."

Nikamwamini. Mjomba ni mama mwanamume, nani asiyemwamini?

Mjomba alikuwa na tanuri la matofali. Kuanzia siku ile nilikanyaga udongo, nikafyatua matofali, nikapasua kuni, nikachoma. Nilipewa ugali na mkeka. Kila Jumatatu nilikwenda ofisini, nikapigiwa mhuri, nikarudi kwenye udongo.

Mwaka wa kwanza ulipoisha, mjomba alinijia na uso wa furaha. Alisema ameniombea kwa wakubwa, kwa hiyo nisisumbuke tena kwenda ofisini, yeye atakuwa ananisemea. Nilimbusu mkono. Ndiyo, nilimbusu mkono!

Nilimwandikia Zaina kwamba avumilie, bado nimefungwa na masharti. Kaka yake Salumu ndiye aliyemsomea. Mwanzoni alijibu. Baadaye majibu yakakoma... Niliwaza mangapi usiku na mchana! Amechoka? Amepata mwingine?

Siku moja nilisikia Salumu yuko sokoni Kasongo na magunia ya karanga. Nikamkimbilia na udongo miguuni. Hakunipa mkono. Alisema kesi imefika mbele ya sultani wetu, yaani chifu wa Kabambare, na mwezi ukiandama nisipotokea, ndoa imekwisha.

"Dada yangu si chungu cha kusahauliwa jikoni," akasema.

Nikamwambia amri si yangu, nimefungwa. Akanitazama kuanzia miguuni hadi kichwani, akacheka kidogo.

"Weye, shemeji, unajifunga mwenyewe."

Sikuelewa. Nilidhani ni matusi, nikageuka nikaenda zangu.

Nikapiga magoti mbele ya mjomba, nikamwomba anitafutie ruhusa ya siku chache. Akalia, ndugu zangu! Akauliza kama nataka kumwona yeye mzee anavunja mawe kwa ajili yangu. Ningefanya nini? Nikienda, namwangamiza aliyenitoa jela. Nikibaki, nampoteza mke na mtoto. Mwezi ukaandama. Nikabaki.

Ilipita miezi minne. Mchuuzi mmoja akanieleza kwamba Zaina anaposwa na muuza chumvi. Hapo tu ndipo nilipofanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Sikumuuliza mjomba. Nilikwenda ofisini mwenyewe, na matope yangu, kuomba ruhusa.

Nilimkuta karani mpya, kijana wa misheni.

"Ruhusa ya nini, yaya?" akauliza, akiniita kaka kwa lugha ya huku.

"Ya kuvuka Luama."

Akafungua daftari, akaomba karatasi yangu, akaisoma mara mbili.

"Hii ilikuwa ya mwaka moja tu. Ilishaisha tangu zamani. Weye iko mutu huru."

Nikamwomba asome tena. Akasoma tena, kidole chini ya maneno, bila kunicheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hapa waliandika kama weye unajua kusoma."

Nilikuwa huru mwaka mzima na zaidi... na karatasi ya kuniambia hivyo nilikuwa nayo mfukoni!

Nilikwenda Kabambare, nusu njia kwa miguu, nusu juu ya lori la mchele. Nilichelewa kwa siku tatu. Zaina alikuwa ameolewa. Alikuja kunikuta nyumbani kwa Salumu, kaka yake akiwa ameketi pembeni, hina ingali mbichi mikononi. Akanipa maji, nikayanywa. Nikamweleza yote.

"Baba Mariamu," akasema, "nakala ya karatasi yako ililetwa kwa sultani. Siku muda ulipoisha ikasomwa barazani, watu wote wakasikia. Nikakupikia. Nilikupikia siku saba."

Sikuweza kumtazama.

"Kama hukuweza kuisoma, kwa nini hukusema?"

Nikamrudishia kikombe cha maji, nikatoka.

Niliporudi Kasongo, mjomba hakukana. Alikuwa anapanga kuni, hakuacha kuzipanga. "Ningekuambia, ungeondoka. Tanuri ningeliwasha na nani?" Kwetu mpwa hamwinulii mjomba mkono. Nikachukua mkeka wangu, nikaondoka. Alipokufa nilibeba jeneza lake kama wenzangu, lakini machozi hayakuja.

Mariamu alikuja kunitafuta akiwa mtu mzima. Ananiita baba, ananiheshimu. Ila siku muuza chumvi alipozikwa nilimwona anavyolia, nikajua baba yake alikuwa nani...

Herufi za Wazungu nilijifunza nikiwa na miaka ishirini na saba, katika darasa la watu wazima la misheni. Hakuna aliyenibatiza. Ilinichukua miezi mitano tu! Miezi mitano, wasomaji wangu.

Ndugu yangu uliyetolewa kwa masharti, usiichukie nafasi hiyo, ni mlango wa kurudi kwa watu wako. Lakini yajue masharti yako mwenyewe. Mpe karatasi mtu wa kwanza akusomee, kisha mtu wa pili asiyekula chungu kimoja na wa kwanza. Nenda ofisini kwa miguu yako, uulize siku ya mwisho ni ipi. Na wewe uliyemdhamini mwenzako, umepewa mtu umrudishe kwao. Hukupewa mtumwa.

Nawasihi, semeni "sijui" mapema. Aibu yake huisha kabla hujafika nyumbani. Mimi niliikimbia aibu ya siku moja, nikalipa kwa Zaina.