Mzizi wa Mpera wa Mama

Kila akitoka shule, Kidoti alifua sare yake na kuianika kwenye kamba iliyofungwa kwenye mpera. Mti ule aliupanda marehemu mama yake, mpakani mwa nyumba yao na ya shangazi msusi.

Mpera huohuo ndio uliowagombanisha baba na shangazi, maana maji machafu yalikuwa yakirudi jikoni kwa shangazi.

"Mizizi ya mti wako imeziba mfereji, kaka. Ukate!"

"Kata ulimi wako kwanza. Mti huu ndio mke niliyebakiwa naye."

Tangu hapo hawakusalimiana. Wakubwa wa manispaa waliahidi kuzibua mfereji mama angali hai. Mama akazikwa, mfereji ukabaki vilevile.

Siku moja mwalimu aliandika ubaoni: kukata mzizi wa fitina. "Ni kuondoa chanzo cha ugomvi," alieleza, "kama mkulima anavyong'oa gugu na mzizi wake, lisichipue tena."

Kidoti akaona dawa imepatikana. Baba alikuwa bado kwenye karakana yake ya baiskeli. Akachukua panga, akafukua upande wa shangazi, akaukata mzizi mnene kuliko yote, kisha akaufukia.

Kesho yake upepo ukavuma. Mpera ukalala chini, mapera mabichi yakatapakaa uani.

Baba alisimama, spana mkononi, akiutazama. Kidoti alijua akinyamaza, lawama zote ni za upepo.

"Baba, si upepo. Ni mimi. Nilikata mzizi wa fitina, kama alivyosema mwalimu, ili muongee na shangazi."

Shangazi alisikia, akatoka na kitana kichwani. "Mwanangu we! Mwalimu kasema nahau, wewe ukashika panga?" Alitaka kucheka, akalia.

Wakaufukua mfereji wote watatu. Ndani hamkuwa na mzizi hata mmoja. Kulikuwa na mfuniko wa zege wa manispaa, umevunjika na kutumbukia. Walipoutoa, maji yakaenda zake.

Baba akakaa kwenye gogo la mpera. "Umesema kweli, sikuchapi. Lakini sikia, mwanangu: kabla ya kukata, fukua uone. Sisi wakubwa, wa ofisini na wa nyumbani, tulijua kubishana tu. Hakuna aliyeshika koleo."

Shangazi akaifungua kamba, akaifunga kwenye nondo za dirisha lake.

"Lete sare yako," akasema. "Na shati la baba yako."