Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Shemeji alinifuata gereji saa tatu asubuhi, nikiwa bado nakunywa chai. Mkewe, dada yangu wa pekee, alikuwa akisafishwa figo mara tatu kwa wiki katika hospitali iliyo mwendo wa saa mbili. Gari lao lilikuwa limekufa, na zamu moja alishaikosa. Miguu ilimvimba hata viatu havikumwingia. Zamu nyingine ilikuwa saa nane mchana uleule. Shemeji alikuwa amepata gari la saluni lenye turbo, la kasi, la wenye nazo, kwa bei ya kutupa. Nikamwambia rahisi ni ghali. Akanijibu kwamba mfa maji haachi kutapatapa, nami nisimpotezee muda.

Tulilikuta uani kwa mwenyewe. Kwanza naweka kiganja kwenye boneti, maana wauzaji hupasha injini mapema ili maradhi yake yasisikike. Ilikuwa baridi. Ikawaka mara moja, bila moshi. Rangi ni ya kiwandani, chini hakuna kutu. Gari lisilo na kasoro huniudhi. Najua kuna mahali sijaangalia. Nikaanza kuvuta mikanda yote ya viti hadi mwisho, kwani gari lililozama hubakiza tope humo, na lililogonga mkanda wake hukwama.

Mitatu ilitoka vizuri. Wa nyuma kushoto ulitoka kidogo, ukakaza. Nikaushikilia. Ukalegea, ukakaza. Ukalegea, ukakaza, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Muuzaji alitukabidhi funguo akasema tukalijaribu wenyewe. Hakulisogelea.

Barabarani, shemeji akiendesha, breki zilikuwa kali, gia laini. Kisha kengele ikalia. Taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi: nyuma kushoto kuna mtu, hajafunga mkanda. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimebonyea.

"Tulirudishe, shemeji," nilinong'ona.

Machozi yalikuwa yakimtoka. "Tulirudishe, halafu nimbebe dada yako mgongoni? Mfunge mkanda, twende."

Nikanyoosha mkono nyuma. Safari hii mkanda ulikuja wenyewe. Nilipoupitisha, kiwiko changu kiligusa kitu chenye joto. Nikaufunga. Kengele ikanyamaza.

Kazi yangu ni kukataa magari mabaya, na hilo nililijua kuwa baya. Nikasema ni zima, shemeji akalilipia.

Tulimlaza dada kiti cha nyuma, tukafika saa nane kasorobo. Wakamwunganisha na mashine, na baada ya muda uso wake ukarudi kuwa uso ninaoujua. Nikataka kulia kwa furaha.

"Yule mtoto mmemwacha na nani garini?" dada akauliza kwa sauti ndogo.

Hawajajaliwa mtoto. Dada akafumbua ngumi. Kiganjani palikuwa na jino la utotoni, dogo, damu yake bado mbichi.

Shemeji alilitazama, akatazama miguu ya mkewe, kisha kalenda ya zamu ukutani. Hakuna aliyetaja kulirudisha gari. Zamu iliyofuata ilikuwa keshokutwa.