Orville Auza Bunduki ya Kuwindia

Wiki moja kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, Orville Tackett aliisafisha bunduki ya marehemu kaka yake. Alitaka kuiuza. Mnunuzi alikuwa Curtis, waliyewahi kufanya kazi pamoja mgodini. Walikubaliana wakutane nje ya kanisa, wapeane mikono, yaishe. Hapo milimani West Virginia, Marekani, watu wamezoea hivyo, na sheria haiwakatazi.

Nadine, mkewe, hakuridhika.

"Curtis wa leo unamjua? Mpeleke dukani kwa Glenna akakaguliwe kama ana kosa."

"Niandikwe kwenye daftari la serikali? Leo wananiandika, kesho wanakuja kubeba bunduki zangu zote. Thubutu!"

"Basi kamuulize Glenna mwenyewe. Kuuliza si ujinga."

Glenna ameuza bunduki na ndoana kwa miaka ishirini. Orville alimkuta kaunta.

"Niambie kweli, dada. Majina yanakwenda wapi?"

"Anayekaguliwa ni mnunuzi. Anajaza fomu, nami napigia simu ofisi ya ukaguzi ya serikali. Wanaangalia kama amehukumiwa kwa kosa kubwa, au mahakama imemkataza silaha. Akipita, kumbukumbu ya ukaguzi inafutwa ndani ya saa ishirini na nne. Sheria inaikataza serikali kuu kuweka daftari la wenye bunduki."

"Na fomu?"

"Inabaki kabatini kwangu. Nikifunga duka, fomu zinakwenda serikalini. Sikufichi, na mimi hilo silipendi. Ila kumpa bunduki mtu mbaya ni jambo ninalolichukia zaidi."

Orville alikuna kidevu. Kisha akampigia Curtis simu, aje dukani.

Curtis alikuja amenuna. "Tangu lini umekuwa polisi, mzee?" Hata hivyo alijaza fomu. Glenna alipiga simu, akasikiliza, akaiweka chini taratibu.

"Umekataliwa."

"Wamekosea!" Curtis alimgeukia Orville. "Twende nje tumalizane kiume. Nakuongezea dola mia mbili."

"Orville," Glenna akasema, "ukimuuzia sasa, huku umejua amekatazwa, umevunja sheria."

Orville aliikumbatia bunduki.

"Siuzi, Curtis."

Curtis aliupiga mlango teke, akaondoka.

Siku tatu baadaye Rhonda, mke wa Curtis, aliketi jikoni kwa Nadine. Mkono wake ulikuwa umefungwa bendeji.

"Mahakama ilimkataza asinikaribie wala asishike silaha," alisema. "Jana alivunja mlango. Alikuja na rungu, nikaruka dirishani nikakimbia. Sherifu na polisi wake wamemkamata. Angekuwa na bunduki, ningekimbilia wapi?"

Orville aliweka chini kikombe chake cha kahawa. Alijiona mwenyewe nje ya kanisa, akimpa Curtis mkono na bunduki.

Bunduki ile aliiuza baadaye kwa mwalimu mmoja, mbele ya kaunta ya Glenna. Ukaguzi ulichukua dakika kumi. Orville bado haiamini serikali, na ukimgusia habari za daftari mtabishana mpaka jua lizame. Lakini hauzi tena silaha kwa kupeana mikono tu. Jumapili Rhonda huimba kwenye kwaya, na Orville husikiliza ameinamisha kichwa.