Nia ya Dada Mmoja

Kaluki alinililia begani mpaka blauzi ikalowa, akimlaani aliyemuuza…

Mimi nikawa nampigapiga mgongo, namwambia Mungu anaona.

Jamani, aliyemuuza ni mimi.

Kabla hamjanitukana kwa komenti, sikieni kwanza.

Tunaishi Kayole, ploti moja, mlango kwa mlango. Wakati wa Kwaresima Kaluki alinifungulia roho. Yule ndugu yake mdogo aliyeko kwao, mji wa Wote, si ndugu yake. Ni mtoto wake, alimzaa akiwa fomu two, mamake akamlea kama wake.

Waliojua ni wawili tu, mamake na mimi, na mamake alijua nimeambiwa. Mchumba wake Musyoka alikuwa bado hajui. Kaluki alikuwa anajipanga amwambie mwenyewe kabla ya harusi, na matangazo ya ndoa yalikuwa yameshasomwa kanisani Jumapili mbili.

Jumatano iliyofuata jumuiya yetu ya kanisa ikakutana kwa nyumba ya Mama Maingi. Kaluki alikuwa kazini.

Ikafika zamu ya nia, kila mtu anasema anachoombea. Mdomo ukaniwasha. Kwa sauti ya huruma nikasema tumwombee dada mmoja anayeolewa karibuni, amemficha mtoto ushago, nyumbani kwao, Bwana ampe ujasiri.

Jina sikutaja. Lakini jumuiya nzima, anayeolewa alikuwa mmoja. Na shangazi ya Musyoka alikuwa ameketi kando yangu, rozari mkononi.

Kufikia Jumapili Musyoka alikuwa ameshaambiwa, akaachana na Kaluki bila kusema amesikia wapi. Tangazo la tatu halikusomwa.

Kaluki akaamua ni mamake, mimi hata hakunishuku. Akamtumia ujumbe mmoja, umetoa siri yangu, usinitafute tena, akablock namba. Miezi mitatu! Hata sauti ya mtoto wake akawa haisikii.

Na mimi nikawa ndiye rafiki aliyebaki. Ananiletea chapati, naziweka kando. Nikikaa siketi, nikilala silali.

Jumamosi nikaenda kuungama kwa Fada Wandera. Nikaanza kumweleza kwamba nina rafiki yangu, alizaa akiwa shule, akamficha mtoto…

Akanikata.

"Hiyo ni ya rafiki yako. Yako ni gani?"

Hata pale kwa kiti cha kitubio nilikuwa bado namsema Kaluki. Ndipo nikaisema yangu, ikianza na mimi. Akaniondolea dhambi, lakini malipizi hayakuwa Salamu Maria kumi. Aliniambia nimrudishie mamake Kaluki jina lake jema siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Kaluki anaanika nguo kwa koridoo.

"Si mama yako, Kaluki. Ni mimi nilisema, kwa jumuiya."

Hakupiga kelele. Aliweka beseni chini, akachukua simu, akaitoa ile namba kwa block, akapiga. Akaweka spika, nadhani alitaka nisikie.

"Mama, mbona hukuniambia si wewe?"

"Tuliojua ni wawili, mwanangu. Si mimi, basi nilijua ni nani. Ningekupigia kwa simu ya jirani nikuambie, lakini huko Nairobi ungebaki na nani?"

Yule mama alibeba dhambi yangu miezi mitatu, ndio bintiye asikose rafiki.

Kaluki akaomba apewe mtoto aongee naye. Kisha akanifungia mlango, polepole. Hajanisamehe mpaka leo naandika hii, na simlaumu. Musyoka naye hakurudi.

Jumatano iliyofuata nikaenda jumuiya. Shangazi alikuwepo. Zamu yangu ilipofika nikasema tumwombee mtu aliyemsengenya jirani yake akijifanya anamwombea. Wakaanza kuangaliana, wanatafuta ni nani.

"Anaitwa Kavindu," nikasema. "Ni mimi."

Ndugu zangu, mkienda kuungama bebeni zenu tu. Ile siri Kaluki alikuwa anaenda kuisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa mtu aliyempenda. Mimi nilimnyang'anya hiyo nafasi, na hakuna malipizi ya kuirudisha.