Sumu ya Bakteria Waliokufa

"Isuzu nyeupe yenye dripu imeshapita Buigiri. Isiingie mjini!"

Askari Restuta Mazengo alimwitikia mkuu wake, akarudisha redio ya Motorola mkandani, akaongeza moto pikipiki yake, Yamaha.

Agosti 1993. Upepo mkavu, vumbi tupu.

Tangu Jumatatu, wagonjwa watatu walikuwa wamekufa Dodoma baada ya kutundikiwa dripu. Wote walitetemeka, wakashikwa na homa kali, presha ikaanguka. Wa tatu alikuwa Zipora, mdogo wake Restuta. Maabara ilizipima dripu zile mara mbili. Haikukuta bakteria hata mmoja aliye hai.

Ndipo Dokta Anyitike alipowadunga sungura maji ya dripu zile. Baada ya saa tatu, wote walikuwa na homa.

"Wamechemsha maji machafu, Afande," alimweleza Restuta asubuhi ile. "Bakteria wamekufa, ila vipande vya kuta zao vimebaki. Moto wa kawaida hauviwezi. Vikiingia kwenye damu, chembe nyeupe zinadhani mwili umevamiwa. Zinamwaga silaha zote kwa mpigo. Kinachomuua mgonjwa ni kinga yake mwenyewe."

Isuzu ile hapo mbele!

Restuta akaipita kwa kulia. Akachomoa bastola yake, Browning.

Risasi mbili.

Tairi likapasuka. Lori likayumba, likaparamia tuta la mchanga, likazimika.

Dereva, Halfani, alitoka mikono juu. Nyuma yake akashuka Lambert, mgeni aliyeingiza mzigo ule. Kila katoni ilikuwa na lebo ya kughushi ya kiwanda cha serikali. Alitaka kiwanda kilaumiwe, kifungwe, yeye abaki muuzaji pekee.

"Pimeni!" Lambert alifoka. "Hamtakuta bakteria!"

"Najua."

Restuta alipasua katoni. Akatoa chupa, mpira na sindano.

"Kunja shati."

Lambert akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye bodi la lori.

"Mkono upi?" Restuta aliuliza.

"Usinidunge! Itaniua!"

Halfani alimgeukia. "Bosi, uliniambia ni dawa."

Restuta akabonyeza redio.

"Mkuu, amekiri. Shahidi ninaye. Hospitali vipi?"

"Nesi Bupe kazichomoa dripu zote. Kuna binti mmoja alishaanza kutetemeka."

"Na sasa?"

Restuta akaibana redio sikioni.

"Anapumua. Ameomba uji."

Restuta alifumba macho, akayafumbua. Land Rover ya polisi ilipofika, alikuwa ameshamtia Lambert pingu.

"Ungenidunga kweli?" Lambert alimuuliza.

Restuta alijipangusa vumbi usoni, akapiga kiki Yamaha, akaondoka.