Uzito Chini ya Daraja

Rafiki yangu mmoja ni muuguzi. Jioni moja alitoka kazini akiwa hoi, akapanda baiskeli na kushika njia ya changarawe kando ya mfereji, kule magari hayapiti. Alipoingia chini ya daraja, gizani, keria ya nyuma ililia kwii, na baiskeli ikawa nzito ghafla. Akashuka, akapapasa matairi: yamejaa upepo.

"Ni uchovu tu huu," akajiambia, akajikokota hivyo hivyo, changarawe zikisagika, hadi nyumbani.

Dada yake alimfungulia mlango. "Karibuni," alisema.

Muuguzi akaingia. Dada yake akasogea kando tena, kama anayempisha mtu, ndipo akafunga.

"Mletee mwenzio taulo," akanong'ona. "Amelowa chapachapa."